Lango la Bustani na Mifuko Minane ya Saruji

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeotesha mawe chini ya bahari kabla hajamuumba mtu wa kuyachonga, akaupa mkono wa mwanadamu ufundi, kisha akauwekea mkono huo mwisho wake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, jamaa zake, na wote waliomfuata kwa wema. Namshukuru kwa umri alionipa, kwa macho ambayo bado yanasoma herufi kubwa, kwa chai ya asubuhi na kwa watoto wanaonijulia hali. Ninayoyaandika hapa si manung'uniko juu ya alichokadiria. Ni habari ya kosa langu mwenyewe. Nimelikalisha kifuani muda mrefu, na sitaki kuondoka nalo bila kulisema.

Bustani ninayoikusudia ilikuwa pembezoni mwa Kariakoo, upande wa kwenda Mchafukoge. Ilikuwa bustani ya watu wote. Wapagazi wa sokoni walilala kwenye nyasi zake saa za adhuhuri, kina mama walipumzisha vikapu, na Ijumaa wazee walikaa humo wakisubiri adhana. Hapakuwa na cha ajabu ndani yake. Cha ajabu kilikuwa mlangoni.

Lango lake lilijengwa kwa mawe ya matumbawe: nguzo mbili nene, kila moja ikimzidi mtu mrefu mara mbili, na juu yake tao lililoziunganisha. Kwa maelezo ya baba yangu, Mzungu aliyesimamia kazi ile alichora nguzo tupu. Babu yangu, aliyeletwa kutoka Kilwa pamoja na mafundi wengine wa mawe, aliomba ruhusa ya kuzichonga, na yule Mzungu akakubali, ama kwa wema ama kwa kuchoka kubishana. Ndipo zikatokea kamba zilizosokotwa kutoka chini hadi juu, na maua ya yungiyungi katikati ya kamba na kulizunguka tao, kama yale uyaonayo kwenye milango ya mbao ya nyumba kongwe za pwani. Katikati ya tao waliweka taji la mfalme wa Kiingereza, maana hilo liliamriwa. Baba alikuwa kijana. Nguzo ya kulia aliichonga babu, ya kushoto aliichonga baba. Hawakuandika majina. Tulipopata uhuru lile taji likabanduliwa kwa tindo, pakabaki kovu, na lango likawa letu.

Kila mwaka, masika yalipokaribia, baba alilipaka lango lile chokaa. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa. Uani kwetu, katika nyumba yetu ya vyumba sita jirani na Gerezani, palikuwa na shimo la chokaa. Matumbawe huchomwa kwa magogo siku nzima na usiku wake, yakageuka meupe na mepesi, kisha hutiwa maji yakachemka yenyewe, na uji ule hufukiwa shimoni. Kadiri unavyolala ndivyo unavyozidi kuwa laini. Shimo la baba lilikuwa limelala miaka mingi. Alilifunika kwa mchanga na mabati, nasi watoto tulikatazwa hata kulikanyaga.

Kabla ya kupaka, aligonga jiwe kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akasogea shubiri moja, akagonga tena. Nilimwuliza siku moja anasikiliza nini.

"Jiwe hili limetoka majini, mwanangu," akasema. "Linakunywa, na linatoa jasho. Chokaa inaliacha litoe jasho lake. Ukiliziba litaoza ndani kwa ndani kama jino, na wewe nje unaliona zima."

Nilifanya naye kazi mpaka nilipopata ukarani bandarini. Nilijifunza nusu ya ufundi wake, na nusu hiyo ndiyo iliyoniponza, kwa sababu ilinifanya nijione ninajua.

Chini ya nguzo ya kushoto alikaa muuza kahawa mmoja, mtu wa umri wa baba. Makabila yao yalikuwa na utani, na utani wetu wakati ule haukuwa mchezo wa maneno tu. Mtani alikuwa na haki ya kukuambia lolote mbele ya watu, msibani na harusini, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Baba akipanda ngazi na ndoo yake, yule mzee alianza.

"Unampamba bi harusi wako tena? Mwenyewe kanzu ina viraka vitatu!"

"Viraka vyangu vina heshima," baba alijibu bila kugeuka. "Angalia dele lako lisivuje. Kahawa yenyewe ina ladha ya masizi."

"Mbona unainywa kila siku?"

"Nakuhurumia. Nisipoinywa mimi atainywa nani?"

Ndivyo walivyoishi.

Sasa niseme mwaka wenyewe. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, majumba ya kupangisha yamekwisha kuchukuliwa na serikali, na kila mtu tulimwita ndugu. Mimi nilikuwa balozi wa nyumba kumi. Niliandika wageni, nilisuluhisha ugomvi wa bomba, niligawa sukari ilipopatikana. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu na niliipenda kazi ile. Niliamini kwamba kumtumikia jirani ni ibada, na bado naamini.

Masika yakiwa karibu ikaja habari kwamba shangazi yangu, dada yake baba, amefariki Kilwa. Baba akafunga mzigo asubuhi hiyo hiyo. Mlangoni akanigeukia.

"Nikichelewa, lipake wewe. Shimo unalijua."

"Ondoa wasiwasi, baba. Nitalipaka."

Alichelewa. Mvua ilinyesha hata magari yakakwama ng'ambo ya Rufiji, na miezi ikapita bila mtu kutoka kusini. Nami sikulipaka. Sina udhuru wa maana wa kuandika hapa. Meli zilikuwa nyingi bandarini, mikutano ilikuwa mingi, na kila nikitoka kazini mvua inanyesha. Niliahirisha kila wiki. Lango likanyeshewa bila vazi lake, likalowa mpaka ndani, ukungu ukapanda, na mwezi wa tano ulipokwisha lilikuwa limegeuka jeusi lenye mabaka ya kijani.

Mwezi wa sita mwenyekiti wetu wa tawi akaitisha mkutano. Alikuwa mtu wa kusini kama sisi, aliyewahi kubeba mizigo bandarini, mwenye kifua kipana na sauti iliyozoea kuzishinda kelele za winchi. Hakuwa mtu mbaya. Alinitania kwa kuniita shehe kwa sababu sikukosa msikitini.

"Ndugu zangu," akasema, "Sabasaba wageni watapita bustanini kwetu. Wataingia kwa wapi? Kwa lile pango! Limeota majani kuliko bustani yenyewe. Tena ni la mkoloni lile, kovu la taji lake mnaliona. Mimi nasema tulivunje. Mawe yake tujengee ofisi ya tawi."

Watu wakapiga makofi. Nikasimama.

"Ndugu mwenyekiti, naomba lisivunjwe. Waliolichonga ni watu wetu. Nipe nafasi nilifanye jipya."

"Jipya kwa nini, shehe? Kwa mate?"

Walicheka wote, hata wa nyumba zangu kumi. Mwenyekiti akainua mkono kuwanyamazisha.

"Sawa. Mimi si mkatili. Nakupa mpaka wiki moja kabla ya Sabasaba. Likipendeza, libaki. Likiwa hivi hivi, nyundo itaingia. Na wewe ndiye utakayeishika ya kwanza."

Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.

"Si shimo hilo hapo uani? Fungua upake."

"Hujui kazi ile. Kwanza likaushwe. Kisha lisuguliwe kwa brashi, liparuzwe ukungu, lizibwe nyufa kwa chokaa na mchanga, lifunikwe magunia mabichi, lisubiriwe. Ndipo lipakwe, na lipakwe tena. Mkono wangu siuamini. Nikikosea litatoka madoadoa, na wao wanataka ling'ae."

"Basi mpigie baba simu ya maandishi. Kilwa si kuna posta?"

Lilikuwa neno la busara. Kesho yake, baada ya sala ya Alfajiri, nilibaki msikitini peke yangu nikaomba. Nayakumbuka maneno yangu. Nilisema: Ewe Mola, lango lile ni jasho la baba yangu na la babu yangu. Nionyeshe njia ya kuliokoa, na njia hiyo uifanye nyepesi. Kisha nikaenda posta. Nikachukua fomu ya simu, nikaandika: WANATAKA KUVUNJA LANGO NIFANYE NINI. Nikaingia kwenye foleni. Ilikuwa ndefu, nami nikawa nafika taratibu. Mbele yangu walibaki watu watatu.

Nikasikia mlio wa kengele ya baiskeli na sauti ile ya bandarini ikiniita kutoka barabarani.

"Shehe! Wewe shehe! Mungu wako anakupenda!"

Alikuwa mwenyekiti, amelowa jasho.

"Nimekutafuta kazini, nimekutafuta kwako. Kibali kimetoka. Simenti! Mifuko minane! Nimewaambia ni ya lango la Sabasaba, wakapiga muhuri palepale. Plasta, rangi, kwisha!"

Msomaji ambaye hakuishi miaka ile hawezi kujua saruji ilikuwa kitu gani. Kulikuwa na shule zilizosimama bila sakafu zikisubiri mifuko minne. Kulikuwa na watu waliokaa na kuta za nusu tangu watoto wao hawajatembea. Aliyepata kibali cha saruji alipewa mkono na majirani kama aliyejaliwa mtoto. Mimi nilikuwa nimeomba Alfajiri, na kabla ya saa nne nimeletewa mifuko minane. Ningewezaje kudhani ni kitu kingine isipokuwa jibu?

Nikatoka kwenye foleni. Nikaikunja ile fomu nikaitia mfukoni. Njiani niliingia msikiti wa karibu, nikasujudu sijida ya shukrani, na machozi yakalowesha mkeka.

Kweli, neno la baba juu ya kuliziba jiwe lilinijia. Nililisikia waziwazi. Nikalijibu mwenyewe: baba ni fundi wa zamani, na mafundi wa zamani wanaichukia saruji kwa sababu imewanyang'anya kazi. Nilimdhania hivyo baba yangu ili nipate kufanya nilichotaka.

Jumapili iliyofuata tulijitolea. Walikuja watu wengi mno. Wanawake walipokezana ndoo za maji kutoka bombani huku wakiimba, vijana walichanganya mchanga, na mimi nilisimama juu ya ngazi, mwiko mkononi, nikiamrisha. Nilikuwa na furaha ambayo naona aibu kuikumbuka. Tulianza na nguzo ya babu. Kamba zilizosokotwa zilimeza plasta, zikajaa, zikawa laini. Nilisema tuyafuatishe maua kwa mgongo wa kijiko ili yaonekane, tukajaribu mawili matatu, yakatokea kama vitumbua. Tukaacha. Tukasawazisha tu. Jiwe lilikuwa bado na ubaridi wa masika. Nililigusa, nikausikia unyevu, nikapaka.

Muuza kahawa alikuwa amehamishia kiti chake kando. Alitutazama tangu asubuhi bila neno, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Tulipofika kwenye nguzo ya baba akapaza sauti.

"We mtoto wa mtani! Unamvalisha mzee koti la mpira, na hajajifuta maji!"

Umati ukaangua kicheko. Mimi nami nilicheka, nusura nianguke ngazini. Alikuwa mtani, na maneno ya mtani tumezoea kuyacheka.

Siku chache baadaye tukapaka rangi ya kijani na manjano. Sabasaba wageni wakapita. Lango liling'aa kama sahani. Mmoja wao aliuliza nani kalijenga, mwenyekiti akanisukuma mbele, nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu kama mtu anayestahili.

Baba alirudi mwisho wa mwezi wa saba. Nilikuwa nimesikia basi la kusini limefika, nikaenda kumngoja langoni, kwa sababu nilijua atapita huko kwanza. Nilitaka nimwone atakavyofurahi. Alikuja polepole na kikapu chake, amekonda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akaweka kikapu chini. Alikwenda kwenye nguzo yake, akaweka kiganja mahali palipokuwa na ua ambalo kwa kawaida alilishika. Kiganja kikateleza. Akagonga kwa kifundo cha kidole. Akasogea shubiri, akagonga. Mimi pia niliusikia mlio ule. Ulikuwa mnene, mfu, kama wa kugonga debe lililojaa.

"Mvua ilikatika lini?"

"Mwisho wa mwezi wa tano."

"Na mmeziba lini?"

"Katikati ya mwezi wa sita."

Akahesabu kwa vidole, wiki moja, mbili, akaacha.

"Ulimwuliza nani?"

"Walitaka kulivunja, baba. Nilimwomba Mungu, na siku ileile—"

"Mungu alikuwa amekwisha kukupa, mwanangu. Alikupa shimo, uani."

Alisema hivyo bila ukali. Kisha akainua kikapu chake tukaenda nyumbani. Njia nzima aliniuliza habari za watoto.

Baada ya siku tatu alichukua patasi na nyundo ndogo akarudi langoni. Nilimfuata. Alitaka kuibandua plasta kabla ya mvua za vuli, jiwe lipate hewa. Alichagua mahali palipokuwa na ua moja la yungiyungi, akaanza kupasua kwa utaratibu, kidogo kidogo, kama anayefungua kidonda cha mtoto. Kipande cha saruji kikatoka kizima mkononi mwake, ukubwa wa sahani. Akakigeuza. Nyuma yake lile ua lilikuwa limeganda, petali zake zote, limeng'oka pamoja nacho. Kwenye nguzo palibaki unga mweupe uliolowa.

Lilikuwa ua alilolichonga akiwa kijana, babu yangu akiwa amesimama nyuma yake.

Hapo mgambo mmoja akapiga filimbi. "Mzee! Unaharibu mali ya umma!" Watu wakajaa, na mwenyekiti akaitwa. Alipofika alinivuta pembeni.

"Shehe, simenti ya taifa hiyo. Hii wanaiita hujuma, unalijua neno lenyewe. Mimi sitaki kuliandika. Mchukue mzee wako umpeleke nyumbani, yaishe."

"Lakini anachosema ni kweli, ndugu mwenyekiti. Ndani linaoza."

"Linaoza? Si wewe uliyelipaka? Utasema nini ukiulizwa mifuko minane imekwenda wapi?"

Nilirudi kwa baba na, mbele ya watu, nikaitoa patasi mkononi mwake. Vidole vyake vilikuwa vimeikaza, na nilivifungua kimoja kimoja.

"Chukua," akasema. "Mimi sina haja nayo tena."

Kilichofuata kilikwenda polepole, na mwendo huo ndio uliokuwa adhabu. Vuli ilileta nyufa nyembamba kama nywele. Masika yaliyofuata rangi ikavimba malengelenge, na unga mweupe ukawa unamwagika chini ya nguzo kila asubuhi, kama mtu amechekecha ngano. Nilikuwa napita hapo nikienda bandarini. Nilijaribu njia nyingine, nikaona ni woga, nikarudi kwenye ile ile. Mwaka wa pili bamba zima la plasta lilidondoka na maua sita mgongoni mwake, likalipondaponda dele la muuza kahawa. Yeye mwenyewe alikuwa ameinuka kumpelekea mteja kikombe, namshukuru Mungu. Nilimnunulia jingine. Alilipokea kwa mikono miwili, na hakutania.

Masika ya mwaka huo tao likapasuka katikati, mahali pa lile kovu. Ikaamriwa livunjwe kabla halijaua mtu. Ilikuja trekta na mnyororo. Haikuchukua hata nusu saa. Matumbawe yaliyokaa pale tangu ujana wa baba yalibomoka kama mkate uliolowa, na vumbi lake lilikuwa la maji.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha muuza kahawa. Wale wazee wawili waliangalia mpaka mwisho. Kisha mtani wake akasema, "Tuondoke, ndugu yangu." Katika miaka yote sikuwahi kumsikia akimwita ndugu yangu.

Kifusi kilipelekwa Gerezani kuziba mashimo ya barabara ya kwenye karakana za reli. Baada ya wiki baba aliniomba nimpeleke. Tulitembea taratibu, yeye na fimbo yake. Malori yalikuwa yameshayasaga mawe, lakini ukingoni vipande vilibaki, na katika kimoja niliona petali mbili na ncha ya kamba. Nikainama nikakiokota, nikamkabidhi.

Akakigeuza kiganjani.

"Rudisha," akasema. "Ni mali ya umma."

Hata leo sijui kama alikuwa anatania. Nilikirudisha mahali pake, na lori likaja.

Nilimwomba radhi siku hiyo, nimeshika miguu yake. Alisema alikwisha kunisamehe tangu ile siku aliyogonga nguzo, na kwamba hataki niseme jambo hilo tena. Sina shaka na msamaha wake. Alikuwa mtu wa kweli. Lakini tangu siku ile hakunifundisha kitu tena. Nilipomwuliza habari ya chokaa, kiasi cha mchanga, siku za kulaza, alinijibu, "Hayo ya nini sasa?" Shimo halikufunguliwa. Alifariki mwezi wa Shaabani, miaka michache baadaye, na ufundi wote aliokuwa nao uliondoka naye siku hiyo moja.

Nilitamani chokaa ile nilijengee kaburi lake. Lakini nilisoma dini, na najua kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza makaburi yasipakwe chokaa. Basi hata huko haikufaa. Amelala chini ya mchanga mtupu, kama ipasavyo.

Miaka mingi ikapita. Warithi tukawa wengi, nyumba ikauzwa, na aliyeinunua akataka ghorofa. Nilikwenda siku waliyochimba msingi. Sepeto kubwa la mashine ya kuchimbia lilipofika uani likaibuka limejaa kitu cheupe, kilaini, kinachong'aa kama siagi. Dereva akazima mashine.

"Mzee, shikamoo. Hii nini, jibini?"

"Marahaba. Ni chokaa."

"Ina kazi?"

"Ilikuwa nayo."

Akaimwaga kwenye lori pamoja na udongo. Niliomba kopo moja, nikalijaza, nikalitia maji juu ili isikauke. Liko chini ya kitanda changu. Kila mwezi naongeza maji. Hakuna jiwe la kulipaka, na mkono wangu haujui kazi.

Bustani sasa ina uzio wa chuma. Barabara ya Gerezani imepanuliwa, na mabasi ya mwendokasi hupita juu ya kifusi chetu. Ile fomu ya simu ninayo bado, ndani ya msahafu. WANATAKA KUVUNJA LANGO NIFANYE NINI. Nimehesabu mara nyingi: mbele yangu walikuwa watu watatu.

Ninaendelea kuswali, na ninashukuru. Lakini nisifiche: tangu lango lile lianguke, jema linaponijia haraka moyo wangu huogopa. Nimeomba mambo mengi kwa miaka yangu, nikapewa mengine, na kila mara hukaa kwanza nikajiuliza kama hili nililoletewa ndilo jibu, au kama jibu lilikuwa uani siku zote nami nikalikanyaga. Utulivu ule wa sijida ya shukrani haujanirudia. Namwachia Yeye. Anajua nilikuwa na nia gani, na anajua nilichokifanya.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akuhifadhie wazazi wako kama wapo, na kama wametangulia awatie nuru makaburini. Akupe subira ya kungoja watu watatu walio mbele yako. Akuonyeshe alichokwisha kukupa kabla hujaomba kingine, na akijaalie kisalie mikononi mwako. Amin.